Nukta Saba za Masanze

Inspekta Lupakisyo alikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko mshahara wake: "Tangu nivae viatu vya serikali, sijawahi kumkamata mtu asiye na kosa." Aliisema harusini, aliisema msibani, na asubuhi hiyo aliisema mbele ya watu wa Masanze waliosimama juani nje ya godauni la zamani la mkonge, wakingoja kuambiwa kama ndugu zao saba waliofungiwa ndani bado wanapumua.

"Binadamu ni mwongo," akaendelea, akiinyanyua simu yake juu ili hata wa nyuma waione. Ilikuwa simu mpya, pana kama sahani ya pilau, na kamera zimejaa mgongoni utadhani imeota upele. "Shahidi ni mwongo. Mkeo naye ni mwongo, kamuulize taratibu utaona. Lakini hii haidanganyi. Siku Bonifas anauawa, mtu akitaka kujua Lupakisyo alikuwa wapi, simu itamwambia: kwake Mikumi, kitandani. Na hao saba wenu, simu zao zimetuambia walikuwa wapi. Chini ya mnara! Nimewakamata bila kuinuka kwenye kiti."

"Basi hicho kiti kipandishwe cheo," sauti ikasema kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Inspekta naye akacheka, tena akacheka kweli, mpaka akafuta jicho kwa kidole. Kisha akamwonyesha Konstebo Urbanus kwa kidevu. Urbanus, mwenye viganja kama sepetu, akapenya katikati ya watu, akamtoa aliyesema, akamzaba makofi mawili mbele ya mkwewe. Mkwe akageukia upande mwingine akajifanya anatazama mbuzi. Hakuna aliyecheka tena.

"Geti lifungwe," Inspekta akaagiza akiingia ndani. "Mtu wa kitongoji cha juu asikanyage humu. Awe na chakula, awe na Biblia, sitaki. Hasa wanawake. Wanapiga kelele."

Bonifas aliyeuawa alikuwa mlinzi wa mnara wa simu, ule ulio kilimani kando ya njia ya miguu inayotoka kitongoji cha juu kushukia Masanze sokoni. Siku ya gulio, jua likiwa limeanza kupanda, wachoma mkaa walimkuta chini ya ngazi ya mnara, kisogo kimepasuka, filimbi ya kazi bado inaning'inia shingoni. Kabati la betri lilikuwa wazi, na ndani hamna kitu. Nguzo za umeme hazijapanda kule. Mnara ulikuwa ukiishi kwa sola mchana na kwa betri usiku, kwa hiyo betri zilipoondoka nao ukafa pale pale, pamoja na mlinzi wake.

Betri zenyewe zilikuwa zimesafiri kuliko mtu yeyote wa Masanze. Madini yake yalichimbwa nchi moja, yakapikwa nchi nyingine, yakaundwa nchi ya tatu, yakavuka bahari kwenye kontena na kupandishwa kilimani kwa trekta, ili mwisho wa safari yote hiyo Bonifas apasuliwe kichwa. Siku hizi zina soko kuliko ng'ombe. Mwenye nyumba anazitaka kwa taa na friji, mwenye bajaji ya umeme anazitaka, na hakuna muungwana anayeuliza zimetoka mnara gani.

Upande mzima wa kilimani ukawa gizani. Pesa za simu zikagoma kutoka, muuza ufuta na mnunuzi wake wakabaki kutazamana kama maharusi, aliyevunjika mguu akasubiri mtu aende kwa baiskeli kumwitia gari, na kijana mmoja aliyekuwa anaachwa na mchumba kwa meseji akalala hajui kama ameshaachwa au bado. Pale sokoni tu ndipo paliponasa mnara mwingine wa mbali, tena ukijisikia. Kampuni ilipoleta betri za kuazima na vijiti vya mtandao vikarudi kwenye simu, watu walishangilia kwa sauti kubwa kuliko waliyomlilia nayo Bonifas.

Ndani ya godauni kulikuwa na meza, benchi, betri ya gari yenye nyaya mbili ambazo hazikuunganishwa na gari lolote, na Koplo Scholastica aliyekuwa ameiinamia kompyuta yake ndogo. Huyu alikuwa msichana wa Kilosa mjini, mtaalamu wa mambo ya mitandao, aliyepewa kazi ya kuchukua kumbukumbu za simu kutoka kwa kampuni na kuzipanga kwenye ramani kadiri zinavyoingia. Ni yeye aliyeziona zile simu saba zikipita chini ya mnara alfajiri ya mauaji. Inspekta alitazama ramani kwa muda wa kunywa soda, akaomba majina ya wenye laini, na jioni hiyo hiyo akawakusanya wote saba mashambani mwao.

"Afande, naomba uziangalie tena hizi nukta," Scholastica akasema.

"Nimeshaziangalia. Nimeshazikamata."

"Zinavyotembea, afande." Akageuza kompyuta. Nukta saba nyekundu zilitoka kitongoji cha juu, zikashuka pamoja, zikapita mnara pamoja, zikafika sokoni pamoja. "Haijatangulia hata moja. Haijabaki nyuma hata moja. Watu saba wanashuka mlima, hakuna aliyesimama kukojoa?"

"Wamefundishwa nidhamu."

"Halafu wameua mtu, wameiba betri za kujaza gari, wakaenda zao sokoni wakatulia upande mmoja mpaka jioni. Jioni tumewakamata mashambani, nukta ziko sokoni. Tumewaleta humu, nukta ziko sokoni. Huyu hapa Alex yuko kwenye benchi, mimi namwona, wewe unamwona. Nukta yake iko sokoni mpaka sasa."

Urbanus akamtazama Alex, akatazama kompyuta, akamtazama tena Alex, kama anayetaka kujua yupi amdunde.

"Wote saba wamesema kitu kimoja," Scholastica akaendelea. "Kwao hakuna umeme. Kila gulio simu za kitongoji kizima zinakusanywa na mama mmoja muuza nyanya, anaitwa Generoza, anashuka nazo kikapuni kuzipeleka kwenye kibanda cha kuchajia. Afande, tumekamata watu saba kwa sababu ya mama mmoja mwenye kikapu."

"Wamesema kitu kimoja, neno kwa neno," Inspekta akajibu, akivuta kiti. "Wewe koplo bado mchanga. Watu wakisema kweli huwa wanapishana kidogo. Wakisema kitu kimoja ujue wamekaa kikao. Na huyo Generoza wao yuko wapi?"

"Kilosa. Binti yake kajifungua. Nipe pikipiki niende nikamlete."

"Huendi."

"Afande, ni shahidi."

"Ni jina. Shahidi ni mtu anayeonekana."

Scholastica hakukata tamaa. Akafungua ukurasa mwingine. "Basi tazama hapa. Siku ile hizi simu zimepigiwa sana. Huyu kapigiwa na mkewe, huyu na mdai wake, Alex kapigiwa na mama yake kutoka Mamboya, kapigiwa, kapigiwa. Hakuna aliyepokea. Mdai usimpokee, sawa, hata mimi simpokei. Lakini mama yako? Watu saba, siku nzima, hakuna hata mmoja wa kusema haloo? Hizo simu hazikuwa na mtu."

Kwa mara ya kwanza Urbanus akatikisa kichwa kukubali, halafu akakumbuka bosi wake yupo, akakiacha kichwa katikati.

Inspekta akatabasamu, akaweka kidole chake kinene kwenye mstari mmoja wa skrini.

"Na hii?"

Scholastica akausoma ule mstari kimoyomoyo.

"Soma, koplo. Sauti itoke."

"Simu ya Alex. Alfajiri, chini ya mnara. Imepiga. Wameongea kidogo."

"Imempigia nani?"

"Namba ambayo tangu siku ile imezimwa. Laini imesajiliwa kwa jina la mtu aliyekufa zamani."

"Ahaa! Kwa hiyo kikapu kilipiga simu. Kikapu kikabonyeza namba, kikasema haloo, nyanya zikaitikia. Ndiyo?" Akaifunga kompyuta taratibu. "Mnara wenyewe ulibeba sauti ya mwizi wake, kabla hajaukata pumzi. Hilo unalijibu vipi?"

"Hilo sijalipatia jibu, afande."

"Jibu liko kwenye benchi."

Alex alikuwa kijana mkulima wa ufuta, mzaliwa wa Mamboya, mwimbaji wa kwaya aliyehamia huku kwa sababu ya shamba. Siku alipokamatwa alikuja na mikono ya kawaida. Sasa vidole vyake vilikuwa vimevimba vikang'aa kama maandazi ya jana, na kila Urbanus alipoisogelea ile betri ya gari, Alex alivificha kwapani. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulielewa. Saa sita mchana gari la mkuu wa upelelezi lingefika. Kama Alex atakuwa amesaini maelezo ya kukiri, ataondoka nalo, na kesi ya mauaji haina dhamana: angekaa mahabusu mpaka ufuta wake upandwe na kuvunwa na watu wengine, mwaka baada ya mwaka. Asiposaini, mkuu angeuliza maswali.

"Alex, mwanangu," Inspekta akaanza kwa upole wa muuza jeneza. "Umekula?"

"Hapana, afande."

"Vizuri. Tumbo tupu halichafui sakafu. Ulimpigia nani?"

"Sikupiga. Simu nilimpa mama Generoza jioni yake, ili aondoke nayo alfajiri. Mimi nililala."

"Ulilala na nani?"

"Peke yangu, afande."

"Pole. Hata shahidi wa kitandani huna." Urbanus akacheka kwa wajibu. Inspekta akaokota waya mmoja, akaugusisha kwenye mwenzake. Cheche ikaruka, Alex akaruka. "Umeona? Sijakugusa hata. Sasa nisikilize. Mtu mwenye simu ya maana anaweza kuiacha hovyo. Wewe una kasimu kamoja ka kitochi maisha yako yote, betri yenyewe umeizuia kwa raba bendi nyekundu isidondoke. Mtu anayeifunga simu yake kama kidonda hawezi kumpa muuza nyanya. Ulikuwa nayo. Ulimwita mwenye gari, akaja, mkapakia. Bonifas alipokutambua ukampiga spana. Nani alikuwa na gari?"

"Sijui, afande. Kwa jina la Mungu sijui."

Scholastica alikuwa akiandika mahojiano. Kalamu yake ilisimama kwenye neno "raba". Akakitazama kisanduku cha vielelezo kilichokuwa chini ya meza. Kilikuwa na filimbi ya Bonifas, kufuli lililokatwa, na hewa. Akaandika neno lililobaki, akalipigia mstari.

"Urbanus," Inspekta akasema.

Urbanus akaushika mkono wa kulia wa Alex, akaulaza mezani. Kilichofuata hakikuchukua muda, ila mbayuwayu waliojenga kwenye mabati ya godauni walitoka wote kwa pamoja. Huko nje sauti ya mwanamke ikaanza kuomba, na mwingine akamziba mdomo.

"Sikupiga," Alex akasema alipoweza kusema.

Inspekta akatazama saa yake. Akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Mama yako kakupigia sana siku ile, umesikia koplo akisema?"

Alex akainua kichwa.

"Alipiga, akapiga. Halafu akaacha. Hujajiuliza kwa nini aliacha?" Inspekta akatoa leso, akampangusa Alex jasho la paji la uso, polepole, kama mzazi. "Nilikuwa sitaki kukwambia ukiwa katika hali hii. Jana wamenipigia kutoka Mamboya. Presha. Kaanguka jikoni, sufuria ya mboga imemwagikia miguuni. Mpaka wanamwinua, hayupo."

Alex hakulia kwa sauti. Alifungua tu mdomo, kama mtu anayetafuta hewa ndani ya moshi.

"Wanakungoja wewe umzike. Kaburi limeshachimbwa, mchungaji amevaa. Lakini joto hili, mwanangu, maiti hana subira. Nikikuacha bila kusaini, huendi. Watamfukia majirani, na kila mtu pale kaburini atauliza: yule mtoto wake wa kwaya yuko wapi?"

"Afande," Scholastica akasema, "taarifa hiyo imeingia kwa nani? Kwenye kitabu cha zamu haipo."

"Imeingia kwangu. Na wewe ukiendelea kuropoka nitakurudisha mjini ukapange mafaili."

"Nikisaini nitaenda kumzika?" Alex akauliza.

"Na gari nitakupa. Na Urbanus atakushikia mwavuli."

"Nitasaini."

Karatasi ilikuwa tayari, imeshaandikwa kwa mwandiko mzuri wa Inspekta mwenyewe. Tatizo likawa kalamu. Vidole vya Alex havikukubali kukunjika. Urbanus akajaribu kuichomeka kati ya kidole na kidole, ikadondoka. Akajaribu tena, ikadondoka. "Shika bwana, unatuchelewesha," akasema, kwa kweli kabisa, kama fundi anayelalamikia chombo kibovu. Inspekta akapendekeza kidole gumba na wino, na Urbanus akaanza kutafuta kidau.

Hapo ndipo Scholastica alipoifungua tena kompyuta, akanyanyuka mpaka kiti chake kikaanguka.

"Afande. Nukta zinatembea."

"Nini?"

"Zimeondoka sokoni. Zote saba. Zimeshavuka daraja." Akasogeza uso kwenye skrini. "Zinakuja huku."

Inspekta hakuuliza zinaletwa na nani. "Urbanus! Wino uko wapi? Halafu nenda getini. Anayekuja mgeuze arudi. Mgeuze kwa kirungu."

Urbanus akabaki ameduwaa katikati ya amri mbili, na alipochagua ya geti walikuwa wamechelewa. Sauti ya mwanamke ilikuwa imeshafika ukutani, sauti iliyozoea kushindana na gulio zima.

"Nimewachajia jamani, nimejaza mpaka juu, wenyewe mko wapi? Natoka kwa mjukuu wangu na furaha yangu, napitia kibanda kile naambiwa simu hakuna aliyezifuata, wenye simu wamekamatwa! Wamekamatwa na nani? Wamekamatwa kwa nini? Wewe baba, shusha hicho kirungu, hapa kuna mali za watu!"

Na kutoka huko huko nje, katikati ya maneno hayo, simu ikaita. Ule mlio mkali wa kitochi unaopenya ukuta, mlango na usingizi.

Alex akageuza shingo. "Hiyo ni yangu," akasema kwa mshangao wa mtu aliyeitwa jina lake na redio.

Scholastica alishatoka. Aliporudi alikuwa ameongozana na mwanamke mnene wa makamo mwenye kikapu kichwani, na Urbanus nyuma yao, kirungu kimelegea.

"Nimesema mwanamke asiingie humu!" Inspekta akafoka. Lakini alifoka akiwa ameshageuka kuutazama ukuta, palipotundikwa kalenda ya mwaka uliopita, akaanza kuisoma kwa makini sana.

"Ameleta vielelezo, afande," Scholastica akasema. "Simu saba za watuhumiwa saba. Nikivikataa nitashtakiwa mimi." Akaichukua kikapuni ile iliyokuwa ikilia, akabonyeza, akaweka sauti ya nje.

"Haloo?"

"Haloo nani? Wewe nani? Namtaka Alex!" Sauti ya mama mtu mzima ikajaa godauni. "Nampigia mwanangu hapokei, nampigia hapokei, vocha yangu imekwisha mpaka nimeazima simu ya mke wa mchungaji! Kama ameoa huko aseme, mimi sitamla huyo mwanamke!"

Alex aliteleza kutoka kwenye benchi akakaa chini kabisa. "Mama," akasema. "Mama, wewe si umekufa?"

"Nani kafa? Alex! Umelewa?"

"Atakupigia baadaye mama, yuko salama," Scholastica akasema, akakata. Alipotamka neno salama hakumtazama Alex vidoleni. Alikuwa akimtazama Inspekta mgongoni. "Afande, maiti wa Mamboya amefufuka."

"Walikosea namba," Inspekta akaiambia kalenda. "Wamama wa Mamboya ni wengi."

Scholastica akaigeuza ile simu kiganjani. Ilikuwa kitochi cha zamani, namba zimefutika, na katikati kimekazwa kwa raba bendi. Nyekundu.

"Hii simu tumeiona leo kwa mara ya kwanza," akasema. "Tuliowakamata hawakuwa na simu hata mmoja. Kisandukuni hamna simu. Kwenye kumbukumbu za kampuni kuna namba, hakuna rangi ya raba. Ulijuaje, afande?"

"Vitochi vyote vya wakulima vina raba."

Urbanus akachungulia kikapuni kwa nia njema kabisa. "Hivi vingine havina, mkuu," akasema. "Hiki kina gundi. Hiki kina stika ya Simba."

"Ngojeni kwanza na raba zenu," mama Generoza akakatiza. Alikuwa ameshakishusha kikapu, mikono kiunoni. "Mimi nimeingia humu. Binti huyu kaniamkia tangu getini, shikamoo mama. Hata huyu wa kirungu kaniamkia, kirungu mkononi. Sasa huyo mwingine anayesoma ukuta hakulelewa na mtu? Au kuta za Masanze siku hizi zina habari?"

Kwa watu wa pale jambo hilo halina mjadala. Hata mwizi akiingia nyumbani kwako akakukuta u macho, anakuamkia kwanza. Mama Generoza alisimama akingoja haki yake, na ilionekana wazi kwamba angeweza kungoja mpaka mkuu wa upelelezi afike, ale, alale na aondoke.

"Afande," Scholastica akasema, "mama anasubiri."

Inspekta alikohoa. "Shikamoo," akauambia ukuta, kwa sauti iliyobanwa puani kama ya mtu mwenye mafua.

Mama Generoza hakuitikia. Akainamisha kichwa upande, kama anayesikiliza nyanya ipi imeoza kwenye tenga. Kisha akaizunguka meza, akaipita betri ya gari, akalipita benchi, akajipenyeza kati ya kalenda na Inspekta mpaka akaupata uso.

"Marahaba," akasema polepole. Halafu akapiga makofi kwa furaha ya mtu aliyekutana na jirani ugenini. "Eee! Kumbe ni wewe, baba! Sasa huna shida hunijui, siku ile ulivyokuwa na shida uliniamkia mpaka ukapiga goti kwenye umande. Leo shikamoo mpaka uombwe?"

"Mama huyu ananifananisha," Inspekta akasema. "Urbanus, mtoe nje."

Urbanus hakusogea.

"Nikufananishe na nani, na kovu hilo la kidevuni?" Mama Generoza akamgeukia Alex aliyekaa sakafuni. "Alex mwanangu, unisamehe. Salio lako kalitumia huyu. Nimemkuta pale chini ya mnara, hakujapambazuka vizuri, kasema simu yake kaisahau Mikumi. Yako ndiyo ilikuwa juu juu, nikampa. Ningefanyaje, mtu kaniamkia vizuri vile?"

Koplo Scholastica alikuwa ameshaokota kalamu, na karatasi aliyoivuta kuandikia ilikuwa mgongo wa yale maelezo ya kukiri. "Alikwambia anampigia nani, mama?"

"Mkewe. Nikasogea pembeni, mambo ya mke na mume siyaingilii." Mama Generoza akamtazama Inspekta juu mpaka chini, safari hii bila kucheka. "Ila masikio sikuyaziba. Nilimsikia akimwambia alete Fuso upesi, tena aje na spana. Nimejiuliza njia nzima mpaka sokoni: huyu ni mke gani anayeendesha Fuso?"